Mshono wa Kulia na Mshono wa Kushoto

Mtoto wa kike aliyezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa Beni hujifunza mapema mambo ambayo hapaswi kuyatazama, na la kwanza katika hayo ni mwili wa baba yake kuanzia kitovu kushuka chini. Mimi nilijifunza hilo kama wenzangu. Hata hivyo, mkinipa kalamu leo, ninaweza kuwachorea kinena cha baba yangu, kulia na kushoto, niwaonyeshe kila upande ulishonwa vipi na kwa uzi gani, na kwa nini upande mmoja ulimsumbua kila baridi ya milima ya Lubero ilipoingia na mwingine haukumsumbua kabisa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kazi hiyo ina namna yake ya kumpeleka mtu pasipomhusu.

Ugonjwa wenyewe vitabu huuita ngiri: utumbo unapata mahali dhaifu pale juu ya paja, unapenya, unatokeza uvimbe chini ya ngozi. Kwetu hakuna aliyesema ngiri. Tulisema mushipa, tena kwa sauti ya chini. Tatizo ni kwamba mshipa ni ule wa damu pia, na midomoni mwa wanaume ni ule unaomfanya mtu aitwe mume. Kwa hiyo mtu akiambiwa aende hospitali akapasuliwe mushipa, alichosikia ni kwamba anaenda kukatwa uanaume wake, na akaendelea kukaa na uvimbe wake ndani ya suruali pana. Zamani nilikuwa nawacheka. Niliacha kucheka baada ya kuwaona waliochelewa.

Baba alikuwa na lori, akisafirisha kahawa, viazi na samaki wa ziwani kati ya Beni na Kanyabayonga. Siku hizo dereva hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya usukani akipiga honi tu. Gari likizama kwenye tope, naye alishuka, akakunja suruali, akaweka bega pamoja na wapakizi wake. Mshipa wa kulia ulimtoka hivyo, nami nikiwa msichana mdogo, kabla Wabelgiji hawajaondoka. Alificha. Mama aliligundua jambo hilo kwa jinsi alivyoanza kusali: akishuka kusujudu, mkono mmoja ulibaki umeshikilia kinena, na baada ya muda akaacha kushuka kabisa, akawa anasali ameketi. Msikitini wakamwachia nafasi pembeni ya ukuta, pamoja na wazee wenye magoti mabovu. Hilo lilimchoma kuliko maumivu yenyewe, maana hakuwa mzee hata kidogo, na alipenda kusimama safu ya mbele.

Mwishowe akakubali. Aliyempasua ni daktari Mzungu wa pale Beni, mtu wa haraka mwenye mikono mikubwa. Walimfunika pua kwa etha, akalala, akaamka ameshonwa. Kisha wakamlaza chali majuma kadhaa, amewekewa mfuko wa mchanga juu ya kidonda, amekatazwa hata kugeuka. Kwetu sisi watoto ule ulikuwa wakati wa sikukuu. Mama alipika tangu asubuhi, tukaenda wote na vyungu kichwani, tukaketi kwenye nyasi za hospitali, yeye akinisuka nywele huku tukingojea kengele ya kuingia. Bado ninaisikia harufu ya ile dawa ya kupigia deki ikichanganyika na samaki wa kukaanga, na nikiisikia mahali popote ninamtamani mama yangu.

Baba alirudi nyumbani amekonda, miguu inamtetemeka kwa kulala mno. Mshono ulishika. Haukuwahi kulegea mpaka alipokufa, na hiyo ni haki yake yule daktari, sitamnyima. Lakini baba hakunyooka tena kama zamani. Nilimsikia akimwambia mama uani, kwa ile mais yetu ya Kifaransa, yaani lakini:

"Ule Muzungu alinifunga sawa gunia ya kahawa. Haitoke kitu, mais na mimi siwezi kujinyoosha."

Miaka ilipopita nikajua kwa nini. Katika njia ile ya zamani, daktari huchukua msuli wa juu, akauvuta chini kwa nguvu mpaka ukakutana na ukano mgumu ulio mkunjoni mwa paja, akavifunga pamoja kwa uzi wa hariri. Tundu linazibwa, ndiyo, lakini linazibwa kwa kuvuta. Ni shati dogo lililofungwa vifungo kwa lazima. Mtu akikohoa, akicheka, akiinuka kitini, nyama ile inavutana na uzi, na ndiyo maana walilazwa majuma yote hayo bila kuguswa. Baba alirudi kusujudu, lakini alishuka polepole na kuinuka ameuma meno.

Halafu ikaja dipanda, uhuru wetu, na yule daktari akafunga masanduku kama wenzake wengi. Hospitali zikabaki na watawa, wale tuliowaita masere, na wanafunzi waliookotwa huku na huku. Nami nikaokotwa. Nilikuwa nimemaliza shule, nikamwambia baba kwamba watawa wa Butembo wanatafuta wasichana wa kufundishwa kushona katika salle. Sikudanganya, chumba cha upasuaji tuliita salle, na humo kazi ni kushona. Baba akafurahi, akasema cherehani ni kazi ya heshima kwa binti. Alikuja kujua ni kushona kwa aina gani nilipokuwa nimeshapewa sare, akauliza kama wanaume nao wanapasuliwa humo. Mama akamjibu kwamba wanaume wana chumba chao. Mama alikuwa mwongo hodari pale palipohitajika amani.

Niliishi mtaa wa Vulamba, pale Butembo, kwa mama yangu mdogo. Asubuhi nilikwenda hospitali kwa miguu nikiwa nimevaa sweta mbili na kitambaa cha kichwa, ukungu umeshika mikaratusi, siwaoni wanawake wa Bulengera wanaoshuka na mboga mpaka wanikaribie na kunisalimu. Sikuzoea baridi ile, mimi mtoto wa Beni. Leo ningetoa kitu kikubwa niitembee tena ile njia na miguu ile.

Masere aliyenifundisha alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa maneno. Alinifundisha hariri: kuikata, kuichemsha, kuiingiza sindanoni bila kuitazama, kuifunga fundo lisilorudi nyuma. Nikaamini kwamba mshono mzuri ni mshono uliokazwa. Ndipo akaja daktari mpya, Mkongomani kutoka upande wa magharibi, Kilingala kingi na Kiswahili cha kuokoteza, anayenawa mikono huku akiimba. Akaja na njia yake ya mshipa, na ugomvi ukaanza.

Yeye hakuvuta kitu. Baada ya kurudisha utumbo ndani na kufunga ule mfuko wake, alichukua uzi mrefu wa nailoni, akaupitisha kwenye msuli wa juu, akaushusha kwenye ukano wa chini, akaurudisha juu, chini, juu tena, mstari kando ya mstari, bila kuzikaza zile pande mbili zikutane. Alitililia tundu jinsi mama alivyotililia kiwiko cha sweta. Nyama ilikaa pale pale ilipoumbwa, na uzi ukawa kama ukuta mdogo katikati. Baadaye mwili wenyewe huota juu ya ile nailoni na kuimeza. Tena alifanya hivyo mgonjwa akiwa macho, kwa sindano ya ganzi tu, na kabla ya kufunga ngozi humwambia akohoe, ili aone kwa macho kama ukuta unahimili au uzi umekaa vibaya.

Masere alisimama kando yake siku ya kwanza, mikono kifuani.

"Hii si operesheni," akasema. "Hii ni kutengeneza soksi."

"Exactement, masere, soksi kabisa," daktari akajibu, akaendelea kuimba.

Mimi nilikuwa upande wa masere. Mshono uliolegea ulinikera macho, na nilipokuwa nikimpa daktari ile nailoni nilimpa kwa uso wa kununa. Lakini ubishi ule ulikuwa mtamu, maana kila mgonjwa alikuwa hoja. Ikiwa wa hariri amelala chali akiomba chombo cha choo, masere alisema ona anavyotulia, kidonda kinapona. Ikiwa wa nailoni ameonekana akitembea mwenyewe kwenda msalani siku iliyofuata, daktari alitufuata mpaka jikoni kutuonyesha. Mkulima mmoja wa Bulengera, mwimbaji wa sauti nzito katika kanisa la Kiprotestanti, aliinuka kesho yake akaanza kufanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili kando ya kitanda. Masere akamrudisha kitandani kwa kidole. Akageuka tu, jamaa akainuka tena na kuendelea na ubeti wa pili. Siku hiyo nilianza kulegea moyoni mwangu, ingawa sikumwambia mtu.

Kisha uasi ukafika kwetu. Sina nia ya kuusimulia. Wenye vita vyao wamesimulia. Nitasema tu ulivyoonekana kutoka salle. Wenzangu walikimbilia vijijini kwao, mmoja leo, mwingine kesho. Masere na watawa wenzake wakaondolewa kwa magari, na alipopita dirishani mwangu alinyoosha kidole kuelekea kabati la hariri, kana kwamba ananiambia nililinde. Hariri ikaisha. Etha ikaisha. Tulibaki daktari, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa akichemsha vyombo na kufua mashuka. Nailoni tulinunua kwa wauza samaki waliotoka ziwani, ile ya kuvulia, tukaikata na kuichemsha. Daktari alisema nailoni ni nailoni.

Baba aliletwa wakati kama huo, saa za soko, jua limeshatoka. Upande wa kushoto nao ulikuwa umemtoka muda mrefu, akaufunga kwa kitambaa na kuendelea na safari kwa sababu hakutaka kufungwa kama gunia mara ya pili. Alfajiri ya siku hiyo askari walimsimamisha njiani akitoka Kanyabayonga, wakamwamuru asukume gari lao lililozama. Aliposukuma, utumbo ukatoka na haukurudi tena. Wapakizi wake walimlaza juu ya magunia ya viazi wakamleta Butembo hivyo, kila shimo la barabara akiita Mungu wake.

Nilitoka kupokea mgonjwa, nikakuta ni yeye. Uso umekuwa wa rangi ya majivu, jasho jingi, uvimbe mgumu kama ngumi chini ya shuka. Daktari aliugusa mara moja tu. Nilijua anachojua: utumbo umenyongwa pale kwenye tundu, damu haipiti, na ukiachwa utaoza, na mtu atakufa pamoja nao.

"Muzee, tunakupasua sasa hivi," akasema. "Ether iliisha. Utakuwa macho, mais hautasikia bukali ya kisu. Huyu mademoiselle atanisaidia, yeye njo anajua vyombo."

Baba alinitazama, akamtazama yeye.

"Huyu ni mutoto yangu."

"Najua. Ni bahati yako."

"Docteur, uko na baba?"

"Niko naye."

"Alishaka kukuonyesha uchi yake?"

Daktari akamrudishia shuka mwilini.

"Basi," baba akasema. "Tafuta mwingine."

"Mwingine hakuna! Bote balikimbia!"

"Basi mi nitakufa. Batu banakufaka."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Nilimjua baba yangu. Si mtu wa kutishia. Angelala pale kwenye kile kitanda cha magurudumu, mikono kifuani, akaoza kutoka ndani na adabu yake yote, na mimi nimesimama na sare yangu nyeupe nikimwangalia. Daktari akaanza kupiga kelele kwa Kilingala. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kumwonyesha mzazi kabla ya siku ile wala baada yake.

"Baba," nikamwambia, "ukikufa, hata kukuosha batanikataza. Batakuosha banaume, na mi nitaikala na bamama kule ndani nalia. Sasa uniache nifanye ile kazi ninajua, wakati ungali muzima."

Alifumba macho. Nilidhani amekasirika, kisha nikadhani amezimia. Alipoyafumbua hakuniangalia mimi, alimwangalia daktari.

"Binti yangu arudie kwa mama yake mudogo Vulamba," akasema. "Aende sasa, nimuone anatoka."

Daktari akainua mikono juu, amekata tamaa.

"Akishatoka," baba akaendelea, akivuta pumzi kwa shida, "kama kuko infirmière huko nyuma, aingie. Mimi simujue."

Daktari, mtoto wa watu wa mbali, hakuelewa. Mimi nilielewa mara moja: binti atoke, muuguzi aingie. Nikasogea, nikainama kidogo kama ninavyoaga siku zote.

"Baba, ninaenda."

"Enda muzuri, binti yangu. Salimia bale ba nyumbani."

Nikatoka kwa mlango wa mbele, mbele ya macho yake. Nikalizunguka jengo, nikapita chini ya mashuka yaliyoanikwa, nikaingia kwa mlango wa dobi, nikanawa mikono. Mzee wa vyombo alinifunga barakoa mpaka chini ya macho. Nilipoingia salle, daktari alikuwa amekwisha kuelewa naye, mwerevu yule. Alikuwa amemwosha baba mwenyewe, amemfunika mashuka kila mahali na kuacha wazi kipande cha ngozi tu, na katikati ya kifua akaning'iniza pazia ili upande wa kichwa usiuone upande wa tumbo. Nilikwenda nikasimama mahali pangu.

Kwa kawaida tuliongea sana katika kazi. Daktari anataja chombo, mimi ninakitaja ninapompa, ninahesabu vitambaa kwa sauti. Siku hiyo hakuna aliyetamka neno. Muuguzi yule hakuwa na sauti, kwa maana akiwa na sauti angekuwa mtoto wa mtu. Daktari alinyoosha kiganja kwa namna ya mkasi, nikampa mkasi. Akakikunja kwa namna ya koleo, nikampa koleo. Hata kuimba aliacha. Nilisikia vyombo vikigusana kwenye sinia, na baba upande wa pili wa pazia akisoma sura zake chini ya pumzi.

Mfuko ulipofunguliwa niliuona utumbo wa baba yangu. Ulikuwa mweusi karibu na zambarau. Daktari alipanua tundu lililokuwa limeunyonga, nikampa vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi ya moto, akavilaza juu yake, tukangoja. Hapo ndipo ilipokuwa yote. Ukibaki mweusi, itabidi kukata na kuunga, na kwa ganzi ile na hali ile ya dawa hatukuwa na uwezo huo. Sijui tulingoja kiasi gani. Niliona wekundu unaanza pembeni, hafifu, nikadhani macho yangu ndiyo yanayotaka kuuona. Kisha ukaenea, utumbo ukajikunja wenyewe, ukiwa hai. Daktari alinitazama juu ya barakoa. Machozi yaliniingia mdomoni nami sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Akaurudisha ndani. Akaanza kutililia kwa ile nailoni ya samaki, juu, chini, juu, na mimi niliyewahi kuununia mshono huo nikawa ninaomba kila mstari ukae ulivyo, bila kuvutwa, bila kumbana, umwachie mzee huyu nafasi ya kuinama. Alipomaliza, akasema kwa sauti ya kwanza tangu tuanze:

"Muzee, kohoa."

Uzi haukutikisika.

"Muzee, uko macho? Kohoa kidogo, nione."

"Siwezi," baba akasema.

"Kukohoa tu? Kukohoa inakushinda?"

"Siwezi, docteur. Unisamehe."

Daktari alidhani ni maumivu, akataka kuongeza ganzi. Nikatikisa kichwa. Katika nyumba zetu mwanaume haingii mahali penye mabinti bila kukohoa kwanza mlangoni. Kikohozi kile ndicho kinachosema, mimi baba ninakuja, jifunikeni. Kila jioni ya utoto wangu nilimsikia akikohoa nje ya mlango, nasi tukavuta mitandio kichwani, kisha mama naye akakohoa ndani, yaani ingia, tumejisitiri. Sasa mtu huyo amelala wazi na wa kujifunika ni yeye. Akikohoa humo, atakuwa ametamka kwa sauti kwamba yeye ni baba na kwamba kuna binti chumbani. Kila kitu alichokijenga kingeanguka.

Daktari hakuweza kufunga ngozi bila kuona. Kwa hiyo nilifanya ambalo yule muuguzi asiye na sauti hakutakiwa kulifanya. Nilikohoa mimi, mara moja, polepole, kama mama alivyokuwa akikohoa ndani.

Upande wa pili wa pazia kusoma kulikatika. Kisha baba akakohoa kwa nguvu, kikohozi chake kile cha mlangoni, na chini ya macho yetu uzi ulivimba kidogo, ukapokea, ukarudi mahali pake. Hakuna kilichopenya. Daktari akafunga ngozi.

Nilizunguka tena jengo. Nilivua sare, nikavaa kitenge na mtandio, nikakimbia Vulamba kuchukua uji ambao mama mdogo alikuwa ameupika, nikarudi kwa lango kuu kama wageni wengine, mkononi kibuyu. Nilimkuta wodini ameinuliwa kwenye mto.

"Pole, Baba. Nimesikia balikupasua."

"Ndiyo, binti yangu. Balinipasua."

"Uliumia?"

"Hapana sana. Docteur ule ni kijana muzuri."

Nilimnywesha uji. Hakuniangalia machoni, wala mimi yeye, lakini alikunywa kibuyu chote. Kesho yake daktari alimwambia ainuke, naye baba akaniuliza mimi, binti mgeni kutoka Vulamba, kama nimewahi kusikia jambo la namna hiyo. Nikamjibu kwamba nasikia humu hospitalini siku hizi ndivyo wanavyofanya. Akainuka. Haikupita muda mrefu nikamkuta ametandika mkeka kati ya vitanda, uso ameuelekeza kibla, upande wa mlima, na alipotakiwa kushuka alishuka mpaka paji la uso likagusa chini, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Alipoinuka hakuuma meno upande ule. Upande wa kulia ndio ulioinuka kwa shida, kama kawaida yake.

Uasi ulipita, wengine wakaja na uasi wao, nami nikawa mtu mzima katika kazi ile. Nimewashikia madaktari wengi vyombo, wa hariri na wa nailoni, na siku hizi kuna vijana wanaoweka kipande cha wavu uliokwisha kufumwa kiwandani, kazi inaisha hata maji ya chai hayajachemka. Wananieleza kwa subira kubwa kwamba siri ni kutokuvuta. Ninawasikiliza. Njia zao ni nzuri kuliko zetu, sina ubishi, ingawa huwa ninamkumbuka masere na kidole chake, na kujiuliza angewaambia nini.

Baba aligeuka mhubiri wa mshipa. Huko Beni, barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, wanaume walikuja kumuuliza, nao walikuja wakiwa wamenong'onezwa na wake zao. Alikuwa akisimama, akipiga kiuno upande wa kulia kwa kiganja, "hii ni ya Mubeleji, inashika, mais inauma," kisha wa kushoto, "na hii ni ya Butembo, njo ilinirudishia safu ya mbele," na kuwaambia kwamba ameshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki na bado hajanuka. Wengi walikwenda wakapasuliwa kwa sababu ya maneno yake. Mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza hata mara moja.

Siku moja nilikuwa nimekuja Beni kuwatembelea, na nilikuwa nyuma ya mlango na birika la chai, niliposikia mfanyabiashara mmoja, jirani yetu, akimwuliza kwa sauti ya wasiwasi:

"Eti kule Butembo kuko banamuke mu salle. Ni kweli? Uliwezaka namna gani kujifunua mbele ya mutoto ya mwenzako?"

Nikalishika birika kwa mikono miwili. 

"Kulikuwa infirmière moja," baba akasema. "Sura yake sikuiona. Docteur ananiambia, bila ule mutoto ningekuwa nimezikwa. Sijue baba yake ni nani. Kama ningemujua, ningeenda mpaka kwake nimupe mukono, nimuambie: wee muzee, ulizala mutoto."

Nilifurahi mno, na sikuweza kutoka mbele yao na uso ule. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa, ikabidi nirudi jikoni kuipasha moto.